Nimechapisha kaburi la mama mkwe, naye anapepeta mpunga

Mpendwa mshauri Shangazi Evelina, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua, kwa sababu mimi mwenyewe mwanzoni nilikuwa nacheka na sasa nakaa dukani hata karatasi siwezi kuzipanga. Majina yote nimeyabadilisha, langu pia, niite Rebeka tu, maana huku Mkolani gazeti lako linasomwa mpaka saluni.

Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa na mwalimu Nathaniel, nina duka la steshenari, natoa fotokopi, nachapa barua, kadi za mwaliko, picha za paspoti, na zaidi ya vyote ratiba za mazishi, kwa sababu watu wanaweza kuahirisha harusi lakini maziko hayaahirishwi. Mwezi wa tatu kompyuta yangu iligoma kuwaka, nikamwita Chetan, fundi wa kompyuta kutoka mjini, mtu mpole sana, akaifungua, akapuliza vumbi, akabadilisha kitu gani sijui, ikawaka, na wakati anaijaribu nikaona skrini imekuwa nyeusi imejaa vistari na nukta na herufi zinatembea, nikamuuliza, Chetan, ndiyo imezidi kuumwa? Akacheka.

"Hapana, dada Rebeka, huu ni mchezo. Unaingia pangoni, unashuka chini, unatafuta kito, unarudi nacho juu. Hautaki intaneti, hautaki mashine ya nguvu. Nikuachie?"

Nikamwambia niachie, kaka yangu, na hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Shangazi, mchezo huo hauna picha. Wewe mwenyewe ni ile alama ya a iliyozungushiwa duara, ile ya kwenye barua pepe, basi, ndiyo mtu huyo. Popo ni herufi B, nyoka ni S, mlango ni alama ya kujumlisha. Kila ukianza, pango linajipanga upya, vyumba vya jana huvioni tena, kwa hiyo huwezi kusema umekariri njia, na ukifa umekufa, hakuna kurudi ulipoishia, unaanza ghorofa ya kwanza mikono mitupu. Mara ya kwanza mchezo uliniuliza jina, nikaandika Rebeka, nikashuka kwa mbwembwe, nikakutana na popo mmoja, nikasema popo kitu gani, mimi nimekulia kijijini popo wanalala darini kwetu, akanipiga na kunizunguka mpaka nikafa, na skrini ikachora kaburi, Shangazi, kaburi kabisa, limechongwa kwa nyota na vistari, ndani yake REBEKA na mwaka huu. Mungu wangu! Nilizima kwenye swichi ya ukutani, na mchana ule ugali haukupita.

Nilipomsimulia Chetan kwenye simu alicheka mpaka akapaliwa, akaniambia wanaoanza wote wanakufa hivyo kwa sababu wanadhani lazima wapigane na kila wanachokiona. Akanifundisha: ukizidiwa kimbia, wakija wengi simama mlangoni waje mmoja mmoja, dawa usiyoijua usiinywe adui akiwa amekusogelea, na chakula usikiache hata mzigo ukijaa, maana njaa inaua kuliko nyoka. Nikaanza kuelewa, nikaanza kuupenda, saa saba mchana wateja wakipungua mimi huyo pangoni. Lakini jina langu sikutaka kuliona tena kaburini, nikajiuliza, ni nani ninayemjua asiyekufa ovyo? Jibu likaja lenyewe: mama mkwe wangu, Wilhelmina.

Huyo mama ana miaka sabini na mbili, analima mpunga mwenyewe huko Usagara, na aliwahi kumfukuza fisi zizini kwa mwiko wa ugali, majirani wapo mashahidi. Sasa kwenye nyumba ile mkwe hatamki jina la mama mkwe, hata likiitwa kanisani, na ni la mtu mwingine, wewe unainama, miaka kumi na miwili mimi nimemwita mayu, yaani mama, basi. Nikajiambia, kuandika si kutamka. Nikaandika Wilhelmina. Na kusema kweli nilisikia raha, kama mtoto aliyeiba sukari.

Wilhelmina wa pangoni alikuwa moto! Siku kumi na moja nilimlea, jioni namhifadhi nafunga duka, asubuhi naendelea naye, akapata panga, akapata vazi la chuma, akashuka ghorofa ya tano, ya tisa, ya kumi na nne, mpaka nikawa namsimulia Teodora. Teodora ni mama anayenisaidia dukani, mjane wa miaka hamsini na nane, zamani alikuwa anabanika samaki anauza pale Kigongo abiria wakisubiri kivuko, daraja lilipofunguliwa magari yakawa hayasimami tena, biashara ikafa, akaja kwangu. Anatoa fotokopi vizuri kuliko mimi, na macho yake mekundu ya moshi wa miaka yote ile.

Basi, Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane mchana. Teodora nimemtuma posta. Pius, binamu wa mume wangu ambaye ndiye katibu wa ukoo, alikuwa ameagiza nakala arobaini za barua ya kikao cha ukoo, mashine imeshazitoa, zinamsubiri kwenye trei. Mimi pangoni, jitu la herufi T limenibana kwenye kona, na nikafanya kosa la mtu aliyeanza jana, nikanywa dawa nisiyoijua, kumbe ni ya upofu, sikuona tena kitu, na T akamaliza kazi. Kaburi likaja. WILHELMINA, na mwaka. Shangazi, nililia machozi, mtu mzima, mke wa mwalimu, na kwa uchungu ule nikasema huyu hawezi kupotea hivi hivi, nikalichapisha lile kaburi ili nilihifadhi kabatini nikumbuke nilifika wapi, karatasi ikatoka ikakaa juu ya nakala za Pius, na kabla sijainuka Pius akaingia.

Akachukua karatasi zake. Akasoma ya juu. Akaniangalia, mimi mikono kichwani, mashavu yamelowa. Akavua kofia.

"Shemeji, pole sana."

Mimi nikajua ameona mchezo, maana aliwahi kunikuta nacheza akaniuliza ni nini. "Asante, shemeji. Imeniuma."

"Lini?"

"Sasa hivi tu. Hata dakika tano hazijaisha."

"Mwalimu anajua?"

"Bado, yuko darasani."

Akatikisa kichwa, akakunja ile karatasi polepole akaitia mfukoni. "Niachie mimi, shemeji. Wewe huwezi kulitamka."

Nikadhani ananitania kwamba nimeandika jina la mama mkwe! Nikatabasamu katikati ya machozi, nikafuta uso, nikamwita mteja mwingine. Kumbe mwenzangu ameamini kwamba mayu amefariki, na kwa kuwa mkwe hawezi kulitaja jina lile kwa mdomo, nimempa habari kwa karatasi, tena karatasi ya duka linalochapisha misiba kila siku. Na huku kwetu habari ya msiba huulizi mara mbili, wala humpigii marehemu simu kuhakikisha.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mume wangu, aliyetolewa darasani akiambiwa tu twende nyumbani. Saa kumi na nusu magari mawili yalifika Usagara, turubai juu, masufuria, kuni, wamama wamejifunga kanga viunoni, wameanza kulia tangu njia panda. Mayu alikuwa uani anapepeta mpunga. Aliposikia kilio kinaingia kwake, hakuuliza, akatupa ungo, akajifunika kanga kichwani, akakimbia akajiunga nyuma ya kundi naye akalia kwa sauti kubwa kuliko wote, maana kwanza unalia, kuuliza baadaye. Wamezunguka nyumba hivyo, Shangazi, na marehemu yumo! Mpaka aliposikia wanamlilia nani. Akanyamaza. Akamgusa bega mama aliyekuwa mbele yake, amuulize vizuri, yule mama akageuka, akamwona, akaanguka chini kama gunia. Watu wakatawanyika kwenye mashamba. Pius ndiye aliyebaki amesimama, karatasi mkononi, na mayu akaichukua akaisoma mwenyewe.

Mayu hakufa, namshukuru Mungu. Lakini presha ilipanda, akalazwa siku mbili, na sasa yuko nyumbani anakaa kitandani, ile karatasi ameiweka chini ya godoro, mpunga umeachwa uani kuku wanakula, na chakula kikitoka nyumbani kwangu hakigusi. Anasema neno moja tu, "Nimeandikiwa."

Mume wangu aliniuliza ni nani kachapa. Nikaogopa. Nikasema, "Labda Teodora, yeye ndiye anachapaga ratiba." Labda tu, Shangazi, sikuapa. Kesho yake Nathaniel akamwambia Teodora asirudi dukani, akarudi kwake Kigongo, na sasa Usagara wameanza kuulizana huyo mama ni nani, anaishi na nani, kwa nini macho yake mekundu. Kikao cha ukoo ni Jumamosi, na wamesema watakwenda kumchukua aje aeleze.

Nishauri mambo mawili. Nifanyeje mayu ale tena chakula changu bila kujua kwamba nilimwingiza kwenye mchezo? Na je, mchezo niufute, au niendelee kwa jina lingine, maana Chetan anasema nilikuwa nimebakiza ghorofa chache? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Nakusubiri kwa hamu.

Rebeka, Mkolani.

Shangazi Evelina anajibu

Marahaba, Rebeka.

Nilicheka. Uliniomba nisicheke na nikacheka, nilicheka popo, nilicheka fisi na mwiko, nilicheka mpaka mama mkwe alipojiunga na msiba wake mwenyewe. Halafu nikafika kwenye macho ya Teodora. Kicheko kikanikauka, nikaiweka barua mezani, nikatoka nje kusimama kidogo. Miaka kumi na tisa nasoma barua za ukurasa huu, za fumanizi, za watoto waliokataliwa, za mirathi, na sikumbuki barua iliyonishtua kama hii yako.

Unajua kilichonishtua ni nini? Si kaburi. Ni yale maswali yako mawili. Chakula, na mchezo. Mchezo, Rebeka! Kuna mwanamke anakwenda kuchukuliwa nyumbani kwake Jumamosi, na wewe unaniuliza ghorofa zilizobaki!

Wewe si mgeni wa kanda hii. Mjane, anaishi peke yake, macho mekundu, anaitwa mbele ya watu wenye hasira aeleze kwa nini bibi wa watu ameandikiwa kaburi. Unajua kinachofuata, na mimi najua, na kila atakayesoma hapa anajua, ndiyo maana sikiandiki. Wanawake wa namna hiyo tumewazika, na mara nyingi yalianza na mtu mmoja mwoga aliyesema "labda". Unasema hukuapa, sawa. Lakini alikuwa posta! Wewe ndiye uliyemtuma!

Sasa vuta pumzi. Najua uliogopa, na hofu ya kuulizwa na mume huku mama yake amelazwa si hofu ndogo. Na kucheza si dhambi, usije ukanielewa vibaya. Jana nilimwomba Dorcas, dada anayepanga kurasa za gazeti hili, anitafutie mchezo wa aina hiyo nione unavyoanza. Ukaniuliza jina. Nikajiita Kiazi. Kiazi alishuka ghorofa ya pili, akasahau kula, akafa kwa njaa, likaja kaburi la Kiazi, na hakuna aliyepakia turubai. Umeona ilivyo rahisi? Jiite Kiazi, jiite Kifuniko, jiite Gari Bovu. Jina la mtu anayepumua, tena jina ambalo nyumba nzima inakukataza kulitamka, si la kupeleka pangoni kufa. Ulijidanganya kwamba kuandika si kutamka, na wewe ndiye mwenye duka la kuandika.

Mchezo usiufute. Nasema hivyo si kwa ajili ya ghorofa zako, bali kwa sababu huo ndio ushahidi wako pekee. Leo hii, Nathaniel akitoka shule, mkalishe mbele ya kompyuta, mwambie yote, na pale kwenye "labda" usipunguze hata herufi. Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Kisha mbebe hiyo kompyuta mwende nayo Usagara, mpigie Chetan naye awepo. Piga magoti mbele ya mama mkwe wako. Jina lake atalitamka mumeo, wewe eleza. Anza mchezo mbele yake, andika jina la kiazi au la muhogo, mwache aone pango, aone popo, aone muhogo unakufa na kaburi linajichora lenyewe. Mtu aliyemkabili fisi kwa mwiko anaweza kuukabili ukweli. Asichokiweza ni kulala juu ya karatasi asiyojua imetoka wapi. Mwombe aitoe chini ya godoro aichome yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Kula chakula chako atakula siku atakayotaka, na usimharakishe. Kama anataka kondoo achinjwe, au padri aje aombe, au vyote viwili, usibishane.

Pius naye asikwepe. Alikuwa na haraka kuliko akili, mwambie nimesema hivyo. Simu zile zile alizowaitia watu waje na kuni, azipige tena moja moja, na safari hii aseme kwamba aliyechapa ni mkwe wa nyumba hiyo na Teodora hakuwepo. Nawe kabla ya jua kuzama nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wa Kigongo na kituo cha polisi kilicho karibu, uwaeleze maneno yanayosemwa juu ya mama huyo. Usiniambie utaona aibu. Aibu haijawahi kumchomea mtu nyumba.

Jibu hili nimekutumia kwenye simu leo Jumatano. Gazeti linatoka Ijumaa. Ulibadilisha majina, lakini msiba ulioshusha turubai Usagara ukarudi nalo bila maiti hauna haja ya jina, kufikia saa nne asubuhi Mkolani nzima itajua ni wewe. Nimekupa siku moja na nusu useme kwa mdomo wako kabla ukurasa huu haujakusemea. Usinipigie kuniomba nisichape. Nitachapa.

Na haya yote, mume, Usagara, polisi, ni ya pili. La kwanza ni Kigongo, tena sasa hivi, ukimaliza kusoma funga duka. Usiende na zawadi. Usianze kueleza habari za kompyuta, na usianze kulia, kwa sababu akikuona unalia itabidi yeye akubembeleze, na hilo humdai. Mwambie, "Mama, nilikusingizia." Mwambie kazi yake ipo, kisha unyamaze umsikilize. Akifunga mlango, kaa hapo nje, na Jumamosi asubuhi uwe pale tena, kabla hawajafika. Wakija kumchukua, wamkute hayuko peke yake, na mtu aliyekaa kando yake awe wewe.